Je, wajua kompaila ya Rust (Rust ni lugha ya programu, na kompaila ni programu inayogeuza msimbo alioandika mtu kuwa lugha ya mashine) imeandikwa kwa Rust yenyewe? Sasa ya kwanza ilitoka wapi?

Miaka mingi nilikuwa nalijibu hili kwa kujiamini kabisa: chimba chini ya lugha yoyote ya programu utakuta C, lugha kongwe, imelala huko, basi. Kumbe wapi. Kompaila ya kwanza ya Rust, ile aliyoianza Graydon Hoare, muasisi wa lugha hiyo, iliandikwa kwa OCaml, lugha nyingine kabisa, halafu mwaka 2011 Rust ikaweza kujikompaili yenyewe na ile ya OCaml ikawekwa kando. Hapo nikakosea mara ya pili, nikasema ahaa, basi msingi ni OCaml. Hapana, ile haikuwa msingi, ilikuwa majukwaa ya mafundi, nyumba ikisimama mbao zinaondolewa na hakuna ukuta unaotikisika. (Kwa Python ya kawaida ningekuwa sahihi, ile kweli ni C. Na hata Rust, kazi ya mwisho ya kutoa lugha ya mashine kwa kawaida inaachiwa LLVM, programu ya pembeni iliyoandikwa kwa C++ (ndugu wa C), kwa hiyo jamani sikukosa yote.)

Sasa inajijengaje? Fikiria mtindi. Unagandisha maziwa mapya kwa kijiko cha mtindi wa jana, na wa jana uligandishwa na wa juzi. Kijiko cha Rust ni kompaila ya beta, yaani toleo la majaribio, iliyokwisha kutoka, wanaiita hatua ya 0. Inakompaili msimbo mpya, inatoka hatua ya 1, ambayo inajua mambo yote mapya ila yenyewe bado imegandishwa kwa kijiko cha zamani, so inapewa msimbo uleule iukompaili tena, ndo inatoka hatua ya 2, hiyo ndo inaenda kwa watu. Kila wiki 6 toleo jipya, na kijiko kinabadilishwa.

Kasheshe ilikuwa kwenye laibrari ya msingi, yaani msimbo ulio tayari unaokuja na lugha, maana imefungamana na kompaila kama kucha na kidole, ikabidi madevelopa waandike vitu vingine mara mbili, kimoja kwa ajili ya kompaila ya zamani na kingine kwa mpya. Mwaka 2025 wakapanga upya: hatua ya 0 inatumia laibrari iliyokuja nayo, laibrari mpya inasubiri kompaila mpya.

Ila kinachonifurahisha mimi ni hiki. Alama ya mstari mpya, \n, kwa kompyuta ni namba 10. Nenda kwenye msimbo wa kompaila pale inapofundishwa maana ya \n, utakuta imeandikwa kwamba n ni '\n'. Basi! 10 haipo. Inaijua kwa sababu iliyoikompaili ilikuwa inaijua, kama ladha ya mtindi isiyoandikwa kwenye maelekezo ya mapishi lakini kila kibuyu kinayo.

Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alionyesha kwenye hotuba yake ya tuzo ya Turing (tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta), iliyochapishwa mwaka 1984, kwamba hata mlango wa wizi, yaani njia ya siri ya kuingilia programu, unaweza kurithiwa hivihivi, msimbo ukausoma wote usiuone. Ndo maana wasiwasi umewafanya watu waithamini mrustc, kompaila nyingine ya Rust iliyoandikwa kwa C++, inayoweza kujenga toleo fulani la zamani bila kijiko cha mtu, kisha unapanda toleo moja moja hadi la leo. Cha ajabu, mrustc haikagui kanuni za kuazimana (nani anaruhusiwa kutumia data ipi na lini) ambazo Rust inajulikana nazo, inachukulia tu kwamba msimbo uliopewa uko sawa.