Fidia ya Mateso ya Hali ya Hatari: Hifadhi ya Nyaraka Haisajili Wala Hailipi
Malalamiko yameongezeka kuhusu watu wanaowatoza wazee ada ili "waandikishwe" kulipwa fidia na Uingereza kwa mateso ya Hali ya Hatari, yaani miaka ya 1952 hadi 1960 serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau. Inabidi sisi wa Hifadhi ya Nyaraka kurudia yale tuliyokwisha kusema: hakuna orodha inayoendelea kupokea majina. Pauni milioni 19.9 alizotangaza William Hague, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, tarehe 6 Juni 2013 zilikuwa za walalamikaji 5,228 waliohusika na makubaliano ya kumaliza kesi ya kwanza, na serikali yake, ingawa ilieleza masikitiko, haikukubali kuwajibika kisheria. Kesi ya pili, yenye walalamikaji zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018, kwa kuwa muda wa kushtaki ulikuwa umepita.

Wapo wanaodhani kwamba wakubwa wa kikoloni hawakujua yaliyotendwa. Walijua. Kamishna wa Polisi Arthur Young, aliyeletwa Kenya mwaka 1954 kuinyoosha polisi, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka huohuo baada ya kuzuiwa kuwafikisha mahakamani homugadi (Waafrika walinzi waliopigana upande wa serikali) na wakubwa waliowakingia kifua. Mnamo Januari 1955 Gavana Evelyn Baring akatangaza msamaha uliowafunika wapiganaji wa msituni pamoja na askari wa serikali waliotenda uhalifu kabla ya hapo. Huko Hola, kwenye kambi ya mahabusu, tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa na askari magereza hadi kufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa kutoka kwenye gari la maji, hadi uchunguzi wa maiti ulipoonyesha majeraha ya kipigo, na hata baada ya hapo hakuna aliyeshtakiwa.

Kuhusu majalada, mengi hayako Nairobi. Kabla ya uhuru mengine yalichomwa na mengine yakasafirishwa Uingereza, ambako serikali ilikiri mwaka 2011, katikati ya kesi ya wazee wetu, kwamba yalikuwa Hanslope Park, kituo cha serikali hiyo.

Anayetaka kutafuta kilichobaki aje na jina la mhusika kama lilivyoandikwa wakati ule, jina la baba yake, lokesheni, wilaya ya zamani, kambi na mwaka wa kukamatwa. "Babu alifungwa na Mzungu" si maelezo ya kutafutia jalada. Jalada husomewa chumba cha wasomaji, moja baada ya jingine, kwa penseli na si kalamu ya wino, na nakala huombwa kwa maandishi. Kuchomoa karatasi, hata iliyo na jina la babu yako, ni kosa la jinai chini ya Sura ya 19 ya Sheria za Kenya, na ofisi hii itamshtaki mhusika bila kujali umri wake.