Land Cruiser inagonga: kabla hujafungua injini

"Dizeli ndivyo ilivyo, lazima igonge." Kauli hii utaisikia kwa madereva wa utalii Arusha nzima, na nusu yake ni kweli. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa mpaka inapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe, na kule kulipuka ndiko kunakotoa mlio tuliouzoea. Asubuhi ya Julai, katika mji ulio kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mafuta huchelewa kuwaka ndani ya injini baridi, kisha huwaka mengi kwa mpigo mmoja, na kelele inapanda. Ikitulia injini inapopata moto, hakuna ugonjwa hapo. Cha kukutia shaka ni mlio ambao jana haukuwepo, au ule unaozidi gari likibeba mzigo, kwa mfano pale unapoacha Mto wa Mbu na kuanza kupanda kuelekea Karatu.

Mlio ukishakuwa wa ajabu, huja hukumu mbili, zote za haraka. Mmoja atasema ni nozo (kifaa kinachonyunyiza mafuta ndani ya silinda), mwingine atasema injini imekwisha, tafuta ya mtumba. Hukumu ya pili inaweza kukutoa mamilioni kwa kosa la nozo moja inayovuja badala ya kunyunyiza.

Kwenye 1HZ, ile injini ya lita 4.2 yenye silinda sita iliyo kwenye Land Cruiser nyingi za safari, kuna kipimo cha kale kinachohitaji spana tu. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, fundi hulegeza nati ya bomba la nozo moja, anasikiliza, anaikaza, anahamia inayofuata. Silinda ambayo ukiinyima mafuta mlio unapotea au unapungua sana, hiyo ndiyo ya kuchunguza. Ila wengi huishia hapo na kununua nozo, kumbe biringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyolegea nayo hunyamaza ukiiondolea nguvu ya mlipuko. Kwa hiyo badilisha nafasi za nozo hiyo na ya jirani yake, ukiweka washa (ringi za kuzibia) mpya. Mlio ukihama nayo, nozo ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, shida iko chini.

Kipimo hicho kisijaribiwe kabisa kwenye D-4D, dizeli za kisasa za Toyota, na dizeli nyingine za reli ya pamoja (common rail), ambazo nozo zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa. Huko mafuta huwa na presha inayopita bar 1,000, wakati tairi la gari dogo lina kama bar 2 tu. Mchirizi wake hutoboa ngozi, na hata kidonda kikionekana kama tundu la sindano, ni cha kukimbiza hospitali. Injini hizo zina kompyuta, na mashine ya kupima itaonyesha nozo ipi kompyuta inaisahihisha kupita kiasi.

Hata hivyo, "mashine haijaonyesha kosa" si cheti cha uzima. Mashine husoma sensa (vihisio), na biringi ya konrodi haina sensa. Pampu ya 1HZ ya kawaida ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kuisimamia. Hapo hata ukiichomeka mashine hutapata la kusoma.

Kisha kuna dawa ya oili nzito. Kunyamaza itanyamaza, kwa sababu oili nzito hujaza nafasi iliyolika, lakini chuma hakirudi. Afadhali uangalie stiki ya kupimia oili kwanza, maana oili pungufu peke yake inatosha kuleta mlio. Kisha imwage kwenye beseni safi, upasue filta. Ukikuta vipande vinavyong'aa, pitisha sumaku: visivyonata huenda ni vya biringi. Taa ya oili ikiwaka pamoja na mlio mzito wa kugonga, zima injini hapohapo, hata kama una wageni na uko kwenye kona za Ngorongoro.

Mlio wa kulia au kusaga kwa mbele mara nyingi hauko ndani ya injini kabisa. Toa feni beliti, washa chini ya dakika moja, sikiliza. Ukiisha, tafuta kwenye altaneta au pampu ya maji.

Na kama mlio umeanza muda mfupi baada ya kujaza tanki, anza na mafuta: fungua filta, toa maji. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu ya kutambua mafuta halali) mwaka 2010.

La mwisho ni la siku hizi: kumrekodia fundi mlio na kumtumia kwa WhatsApp. Simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, kwa hiyo ule mlio mzito wa kugonga, wa sauti ya chini, ambao ndio wa kuogopa, hufika umefifia au haufiki. Mwandikie pia: ulianza lini, injini ikiwa baridi au moto, tambarare au mlimani, na oili inafika wapi kwenye stiki.