Je, wajua mwanga unaweza kuchambua chembe za damu?

Mama aliyekaa barazani Manzese na ungo wa mchele ana njia tatu za kuusafisha. Anapepeta, makapi yanapeperuka. Anachekecha, chenga zinashuka. Kijiwe kinachofanana na punje hana budi kukitoa kwa kidole, kimoja kimoja.

Sasa chukua tone la damu. Chembe nyekundu moja ina upana wa mikromita 7 hadi 8. Zipange 10 kwa mstari, ndipo zitakaribia unene wa unywele. Zimo na chembe nyeupe, na pengine vijidudu. Utaitoa unayoitaka kwa kidole gani, bila kuipasua? Kidole hicho kipo, nacho ni mwanga.

Najua inashangaza, maana mwanga tumeuzoea kama kitu cha kuonea tu. Lakini mwanga unasukuma. James Clerk Maxwell alilieleza hilo kwa hesabu mwaka 1873, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mrusi Pyotr Lebedev akalipima. Hatuhisi kwa sababu msukumo wenyewe ni mdogo mno: jua la saa sita mchana likipiga mita moja ya mraba ya bati hapa Dar es Salaam, linaligandamiza kwa nguvu isiyofika uzito wa miligramu 1. Punje moja ya mchele ni nzito kuliko hivyo kwa mara 20 na zaidi. Ila chembe ya damu nayo ni nyepesi ajabu, maana zinahitajika kama bilioni 10 kutimiza gramu 1. Kwa kitu chepesi namna hiyo, tena kinachoelea majini, msukumo wa mwanga mkali uliokusanywa mahali padogo unatosha kabisa.

Mmarekani Arthur Ashkin, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara za utafiti za Bell Labs, mwaka 1970 alionyesha kuwa mwali wa leza unaweza kusukuma vitufe vidogo vya plastiki ndani ya maji. Mwaka 1986 yeye na wenzake wakafika mbali zaidi: waliupitisha mwali mmoja kwenye lenzi ya darubini ukajikusanya kwenye nukta moja, na kitufe kikanaswa hapo hapo. Kilishikwa, hakikusukumwa mbele.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lote. Kama umewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukweni pale Kigamboni, unajua kwamba wewe ukienda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Seli, yaani chembe hai kama ile ya damu, inapitisha mwanga na kuupinda kama lenzi ndogo. Ikisogea kidogo kushoto kwa mwali, upande wake wa kulia ndio unaopitiwa na mwanga mwingi, kwa kuwa katikati ya mwali ndiko kunakong'aa zaidi. Mwanga huo unapindwa kwenda kushoto. Mwanga ukienda kushoto, seli inarudishwa kulia, kama ule mtumbwi. Ikikosea upande wa pili, inarudishwa vilevile. Kila ikitaka kutoroka inajikuta katikati, na leza ikihamishwa, seli inafuata.

Mwaka 1987 Ashkin alinasa bakteria walio hai. Mwanga wa kijani uliwaua, akahamia kwenye mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao seli haziumezi sana, nao wakaendelea kuishi na hata kuzaana ndani ya mtego. Tuzo ya Nobeli ya Fizikia ilimfikia mwaka 2018, akiwa na miaka 96. Kwa maoni yangu ilichelewa sana.

Kuchambua kwenyewe hufanyika ndani ya chipu: kipande cha kioo au plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mifereji myembamba kama unywele. Maji katika mfereji wa namna hiyo hayavurugiki. Mikondo miwili hutiririka sambamba kama mwendokasi na magari mengine Barabara ya Morogoro, kila mmoja kwenye njia yake. Kwa hiyo seli haihitaji kubebwa mbali. Inatosha kuihamisha njia kidogo tu, na mfereji ukigawanyika mbele inaingia tawi lake. Seli inayotafutwa hupakwa rangi inayong'aa, kifaa kinaiona ikipita, leza inaisogeza. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, walitandaza hata chekeche la mwanga mtupu: chembe zikipita juu yake zilijitenga zenyewe, kwa ukubwa na kwa jinsi zinavyopinda mwanga.

Tatizo ni wingi. Mikrolita 1 ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita, ina chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Ukizishughulikia 100 kila sekunde, utamaliza baada ya saa 14 hivi.

Ndiyo maana naipenda zaidi njia iliyochapishwa mwaka 2005 na Pei Yu Chiou, Aaron Ohta na Ming Wu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kwao mwanga hausukumi seli hata kidogo. Sakafu ya chipu ina tabaka la silikoni ambalo gizani halipitishi umeme vizuri, likimulikwa linapitisha. Wanaangusha picha juu yake kwa vioo vidogo kama vya projekta. Palipo na mwanga umeme unajikusanya, na seli zinavutwa au kufukuzwa na umeme huo. Picha ikitembea, seli zinatembea. Walitengeneza mitego 15,000 kwa mpigo, kwa mwanga hafifu mara 100,000 kuliko wa mtego wa leza. Walitenga hata chembe nyeupe zilizo hai na zilizokufa, kwa sababu utando wa iliyokufa unavuja na haiitiki umeme kama iliyo hai.

Kikwazo chake ni chumvi. Majimaji ya damu yana chumvi, nayo hupitisha umeme kupita kiasi, hivyo tone lililotoka kidoleni haliwezi kumwagwa humo moja kwa moja. Lazima seli zioshwe kwanza na kuwekwa kwenye maji ya sukari yenye chumvi kidogo sana, ndipo zianze kuifuata picha.