Namba ya kawaida si usalama: dhana potofu katika maamuzi ya kitabibu kwa wanaojiandaa na leseni ya uuguzi

Mtahiniwa anaweza kukariri viwango vyote vya kawaida na bado akakosa swali. Swali la uamuzi wa kitabibu haliishii kwenye namba. Linataka ujue namba hiyo ina maana gani kwa mgonjwa huyu, ukiilinganisha na ya saa iliyopita.

Dhana: Presha ikiwa kawaida, mgonjwa hajapoteza damu nyingi

Hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Mtu anapotoka damu, mwili hujitetea: mishipa ya ngozi na ya utumbo hubana, moyo huongeza kasi, na presha hubaki palepale. Kwa mtu mzima mwenye afya, namba ya juu ya presha inaweza isishuke hadi apoteze takriban 30% ya damu yake, yaani kama lita 1.5 kwa mwenye lita 5. Anayesubiri ishuke amekwisha chelewa.

Tafuta vinavyotangulia: mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, ngozi baridi yenye jasho, kucha inayochelewa kurudisha rangi baada ya kubonyezwa, mkojo chini ya mililita 0.5 kwa kilo kwa saa, na mgonjwa aliyekuwa mtulivu kuanza kuhangaika. Angalia pia pengo kati ya namba mbili za presha. Ikitoka 118/76 ikawa 112/90, namba ya juu haijaporomoka, lakini pengo limepungua kutoka 42 hadi 22. Anayetumia propranololi, dawa inayopunguza kasi ya moyo, huenda mapigo yake yasipande kabisa, na mama aliyetoka kujifungua huchelewa zaidi kuonyesha dalili kwa sababu ujauzito huongeza kiasi cha damu mwilini.

Kwa mama huyo, ukigusa mfuko wa uzazi ukaukuta laini, anza kuusugua papo hapo huku mkono wa pili ukiushikilia juu ya kinena, na uite msaada. Kibofu kilichojaa kitolewe mkojo, maana huzuia mfuko wa uzazi kukaza. Pedi zipimwe kwenye mizani, utoe uzito wa pedi kavu: gramu 1 ni kama mililita 1 ya damu. Kukadiria kwa macho hutoa kiasi kidogo kuliko halisi.

Dhana: Miluzi ya pumu ikinyamaza, mgonjwa amepata nafuu

Mluzi unahitaji hewa inayopita. Kifua kikinyamaza huku mgonjwa bado anavuta pumzi kwa misuli ya shingo na hawezi kumaliza sentensi, hewa haipiti tena. Vipimo vya gesi za damu navyo hudanganya. Kiwango cha kawaida cha hewa ukaa ni 35 hadi 45 mmHg, lakini anayepumua mara 34 kwa dakika anatakiwa awe chini ya 35, kwa kuwa anaitoa kwa wingi. Ukisoma 40 kwa mgonjwa kama huyo, misuli imeanza kuchoka. Ita timu ya dharura.

Dhana: Oksijeni 97% baada ya morfini ni salama

Morfini, dawa ya maumivu, hupunguza kasi ya pumzi, na kifaa cha kidoleni hakipimi hewa ukaa. Mgonjwa aliyewekewa oksijeni anaweza kubaki na 97% huku akipumua mara 8 kwa dakika. Hesabu pumzi kwa sekunde 60 kamili, na umwamshe: usingizi mzito kwa kawaida hutangulia kupungua kwa pumzi. Akipewa naloksoni, dawa inayozima nguvu ya morfini, usimwache, kwani hufanya kazi kwa dakika 30 hadi 90 na morfini inaweza kudumu kuliko hapo.

Dhana: Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa asipewe oksijeni

Apewe, kwa kipimo: lengo la kifaa cha kidoleni ni 88 hadi 92%, na barakoa ya Venturi, inayotoa hewa yenye oksijeni ya kiwango maalumu, ya 24% au 28%, husaidia kuidhibiti.

Dhana: "Pima kwanza" ndilo jibu sahihi siku zote

Tathmini hutangulia pale taarifa zinapokosekana. Swali likisema mgonjwa anaongezewa damu na sasa anatetemeka, ana homa na mgongo unamuuma, taarifa zimetosha: funga damu. Kisha badilisha mrija na uweke maji ya chumvi ya 0.9%. Usiyapitishe kwenye mrija uleule, maana yatasukuma damu iliyobaki ndani yake hadi mwilini. Hapo ndipo upime vipimo vya uhai, umjulishe daktari, uhakiki tena jina na lebo, na urudishe mfuko na mrija maabara.

Sukari ikishuka hadi 3.0 mmol/L kwa mgonjwa anayemeza vizuri, mpe gramu 15 za sukari na upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza asipewe kitu mdomoni. Anahitaji glukosi ya mshipani au glukagoni, homoni inayopandisha sukari.

Dhana: Ukiwa na shaka, weka tiki kwenye majibu yote

Katika NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi wa Marekani, tangu Aprili 2023, swali la kuchagua yote yanayofaa huongeza alama 1 kwa kila chaguo sahihi na kuondoa 1 kwa kila lisilo sahihi, bila kushuka chini ya 0. Kwa hiyo soma kila chaguo peke yake, ukijiuliza ndiyo au hapana.