Darubini kama chombo cha kupimia: kutafuta ujazo wa bunduki za shabaha za jadi

Bunduki za shabaha za mtindo wa karne ya 19, kama vile Sharps na Remington Rolling Block, hulengwa kwa tundu dogo lililosimamishwa kwenye shingo ya kitako na pete iliyowekwa ndani ya kibomba mbele ya mtutu. Wapenzi wengi wa bunduki hizi hawapendi kuona darubini juu yake, na siwalaumu, kwa kuwa uzuri wa mchezo huu uko katika kulenga kwa jicho tupu kama walivyolenga wale waliozibuni. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kujaza risasi kwa mkono na kupima bunduki za watu wengine, nina msimamo mmoja: hata asiyetaka kabisa darubini siku ya mashindano anapaswa kuifunga siku za kutafuta ujazo. Kwa ujazo nakusudia mambo yote yanayoingia ndani ya ganda: aina na uzito wa baruti, kiasi inavyoshindiliwa, fataki inayoiwasha, kitenganishi kinachokaa juu ya baruti, na kichwa cha risasi pamoja na aloi yake.

Sababu yake ni ya kihesabu. Mtawanyiko wa matundu kwenye karatasi una vyanzo viwili vikuu, yaani ujazo wenyewe na kosa la mlengaji, na vyanzo hivi havijumlishwi moja kwa moja. Kila kimoja huzidishwa kwa chenyewe, majibu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Tuseme ujazo wa kwanza unatawanya milimita 40 kwenye mita 100, ujazo wa pili unatawanya milimita 25, na mlengaji wa jicho tupu ana kosa la milimita 60. Karatasi itaonyesha milimita 72 kwa ujazo wa kwanza na 65 kwa ule wa pili, tofauti ndogo ambayo upepo mwanana unatosha kuifuta. Mpe mlengaji huyo huyo darubini inayopunguza kosa lake hadi milimita 10, na karatasi itaonyesha 41 dhidi ya 27. Ujazo haukubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kwamba sasa unaonekana.

Kosa la milimita 60 si la kubuni kwa ajili ya kunogesha hoja. Ikiwa umbali kati ya tundu la nyuma na pete ya mbele ni milimita 860, kukosea kuiweka pete katikati kwa sehemu moja ya kumi ya milimita kunaisogeza risasi milimita 12 kwenye mita 100, na kukosea kwa nusu milimita kunaisogeza takriban milimita 58. Ongeza hapo mwanga. Jua likipiga pete kutoka upande mmoja, jicho huona ukingo unaong'aa na kuuchukulia kuwa ndio pete yenyewe, na wingu likipita katikati ya risasi kumi, kundi moja la matundu kwenye karatasi hugeuka makundi mawili bila baruti kuhusika kwa lolote. Ndani ya darubini nyuzi za msalaba na shabaha huonekana katika usawa mmoja, kwa hiyo jicho halihangaiki kuchagua kati ya kitu cha karibu na cha mbali, jambo ambalo mtu aliyepita umri wa miaka 45 hahitaji kuelezwa.

Wanaodai kwamba darubini ni ugeni katika bunduki hizi wasome historia yao upya. William Malcolm alianza kutengeneza darubini za bunduki mjini Syracuse, New York, mwaka 1855, kabla hata ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ni kweli kwamba mashindano maarufu ya mwaka 1874 katika uwanja wa shabaha wa Creedmoor, New York, ambapo Marekani iliishinda Ireland kwa pointi 934 dhidi ya 931 katika umbali wa yadi 800, 900 na 1,000, yalipigwa bila darubini. Lakini pointi 3 kati ya timu mbili za watu sita sita ni pengo ambalo ujazo mmoja uliochaguliwa vizuri zaidi unaweza kuliziba.

Kuifunga ndiko kwenye kazi. Bunduki ya zamani ya asili haipaswi kutobolewa matundu mapya, kwani thamani yake hushuka papo hapo. Ni bora kutumia vishikizo vinavyoingia kwenye mifereji ya vilengeo iliyopo tayari juu ya mtutu. Darubini ndefu nyembamba za mtindo wa zamani hazina marekebisho ndani yake, bali bomba zima husogezwa na skrubu za kishikizo cha nyuma. Bunduki inapopiga teke kurudi nyuma, bomba hilo huteleza kwenda mbele ndani ya vishikizo, na mpigaji hulivuta mahali pake kabla ya kufyatua tena. Hapa ndipo uangalifu unapohitajika, kwa sababu bomba lisiporudi hadi mwisho, au likizunguka kidogo tu, tundu linalofuata litaenda kando na lawama itatupiwa baruti. Mimi huchora mstari mwembamba wa wino unaovuka kutoka kwenye bomba hadi kwenye kishikizo, nikautazama kila baada ya kuvuta. Mistari miwili isipokutana, sifyatui.

Ukuzaji mkubwa hausaidii. Mara 6 zinatosha kwenye mita 100 na 200. Zaidi ya hapo unaanza kutazama mapigo ya moyo wako na mawimbi ya hewa ya moto badala ya shabaha. La muhimu zaidi ni paralaksi, yaani nyuzi kuonekana kuhama juu ya shabaha jicho linapohama: bunduki ikiwa imetulia juu ya mifuko ya mchanga, sogeza kichwa kushoto na kulia bila kuigusa, na nyuzi zikionekana kutembea juu ya karatasi, rekebisha darubini kwa umbali huo hadi zitulie.

Baada ya hapo badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi yanayokauka ndani ya mtutu huharibu usahihi haraka kuliko kasoro yoyote ya uzito wa baruti, kwa hiyo namna ya kusafisha au kulainisha mtutu kati ya risasi na risasi ni sehemu ya ujazo na haipaswi kubadilika katikati ya jaribio. Risasi ya kwanza kutoka kwenye mtutu safi mara nyingi huenda kwake peke yake, na haihesabiwi. Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi: ganda lililobuniwa kwa baruti nyeusi, kama .45-70 ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, halijazwi baruti isiyo na moshi kwa kipimo cha baruti nyeusi. Baruti nyeusi nayo haiachiwi nafasi ya hewa chini ya kichwa cha risasi. Na vipimo vyote huchukuliwa kwenye vitabu vya watengenezaji, si kwenye blogu, ikiwemo hii.

Swali ninaloulizwa zaidi ni idadi ya risasi. Kundi la risasi tatu hupendeza kwenye picha na halina maana nyingine kubwa. Kwa bunduki ile ile na ujazo ule ule, umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi katika kundi la risasi kumi huwa kwa wastani mara 1.6 ya kundi la risasi tatu, hivyo anayelinganisha tatu za leo na kumi za jana halinganishi chochote. Piga kumi, tena kwa zamu: risasi moja ya ujazo wa kwanza kwenye karatasi yake, moja ya ujazo wa pili kwenye yake, kisha urudie, ili joto la mtutu, upepo na uchovu wako vigawanywe sawa kwa zote mbili.

Kisha sogea mbali. Kichwa kizito cha risasi kinachotoka kwa takriban mita 365 kwa sekunde huanguka karibu sentimita 40 kwenye mita 100, lakini kwenye mita 500, ambao ndio umbali wa mwisho katika mashindano ya shabaha za wanyama wa chuma, huanguka zaidi ya mita 10. Kasi ikitofautiana kwa asilimia 1, anguko hutofautiana kwa takriban asilimia 2: chini ya sentimita moja kwenye mita 100, lakini zaidi ya sentimita 20 kwenye mita 500. Ujazo unaopigana sare na mwenzake kwa karibu unaweza kuachwa mbali sana huko, na mtawanyiko wa juu na chini ndio unaoutambulisha.

Ukishachagua, ondoa darubini. Usishangae matundu yakihama, kwa kuwa uzito uliokuwa juu ya mtutu umeondoka, na shavu lako sasa linakaa mahali pengine kwenye kitako. Piga kumi kwa jicho tupu kwenye mita 100 zile zile, kisha ufanye hesabu ya mwanzo kinyumenyume: mraba wa kundi hili, toa mraba wa kundi la darubini, tafuta kipeuo cha pili. Ukipata 65 bila darubini na 27 ukiwa nayo, kosa lako la kulenga ni kama milimita 59. Kwa mtu mwenye tarakimu hizo, wiki nyingine ya kupima baruti haina faida. Ajaribu pete ya mbele yenye tundu pana kidogo, inayoacha utepe mweupe ulio wazi kuzunguka duara jeusi la shabaha.