Bega lililolowa: tunapolitafuta lengo la mshairi

Tuanze na ubeti mmoja, nilioutunga kwa ajili ya somo hili:

Mwavuli niliubeba, jua hata na masika,
Bega maji likashiba, wewe nikakufunika,
Leo wingu limeziba, ngurumo zinasikika,
Mbona nalowa mwenyewe, mwavuli umeushika?

Ukiuliza shairi linahusu nini, wapo watakaojibu "mvua." Wengine watakimbilia "usaliti," kisha waongeze: "Mshairi anatufunza tusisaliti wenzetu." Jibu la pili lina afadhali, ila limeruka hatua.

Turudi kwenye bega. Kwa nini liloe ilhali mwavuli upo? Kwa sababu mwavuli uliegemezwa upande wa mwenzake. Mbebaji alijua analowa, akakubali. Hapo dhamira inaanza kuonekana: kujitoa kusikolipwa. Usaliti unahitaji ahadi iliyovunjwa, na humu sioni ahadi yoyote. Mtu alitoa bila kuombwa, sasa anauliza. Mshororo wa mwisho ni swali, wala hakuna amri popote. Ukiandika "anatuonya" umemwekea nafsineni, yaani msemaji wa shairi, maneno kinywani. Mtu huyu analalamika, tena kwa sauti ya chini.

Kina cha kati, yaani silabi inayofunga nusu ya kwanza ya mshororo, nacho kimebadilika kwenye kituo (mshororo wa mwisho), kutoka "ba" hadi "we." Inavutia kusema kina kimemwacha msemaji peke yake kama alivyoachwa mvuani. Lakini katika tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, mabadiliko hayo ni ya kawaida, kwa hiyo usijenge hoja juu yake pekee.

Istilahi nazo huchanganya. Katika vitabu vya Tanzania, dhamira ni wazo linalojadiliwa, na hukaa ndani ya maudhui pamoja na ujumbe, migogoro na msimamo. Kenya, aghalabu dhamira ni lengo la mwandishi, na mambo yanayojadiliwa huitwa maudhui. Soma swali la mtihani kwa jicho hilo kabla hujashika kalamu.

Je, lengo la mshairi tulijuaje? Mara nyingine historia husaidia. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu za kisiasa, na mashairi aliyoyaandika kwa siri gerezani yalichapishwa 1973 katika Sauti ya Dhiki. Ukilijua hilo, mamba anayejigamba humo hawi tena mnyama wa mtoni tu. Hata hivyo, kifungo hakiwezi kukueleza kila mshororo. Lazima uonyeshe neno lililokupeleka huko: majigambo yake, jinsi anavyosemeshwa, anachokumbushwa.

Kwa ubeti wetu historia haipo, nami mtungaji sitaki kuulizwa nilikusudia nini. Nikisema mwavuli ni uongozi, nawe ukaona ni ndoa, tutarudi sote kwenye lile bega, tuone ni usomaji upi unaolieleza vizuri zaidi.