Je, wajua kwa nini mbuyu hupukutisha majani ilhali shina lake limejaa maji?

Ukisafiri kutoka Mikumi kwenda Iringa mwezi wa Agosti, ukifika Ruaha Mbuyuni utaikuta mibuyu imesimama mitupu, haina hata jani. Mgeni hudhani imekufa. Lakini ukikwangua gome kidogo (si ndani ya hifadhi, tafadhali) unakuta utando wa kijani, mbichi kabisa, na zaidi ya nusu ya uzito wa shina lenyewe ni maji. Sasa mti wenye akiba yote hiyo unavua majani ya nini?

Tuanze na jani. Lina vitundu vidogo mno ambavyo mmea huvitumia kuvuta hewa ukaa, inayotengenezewa chakula kwa mwanga wa jua. Kupitia vitundu hivyohivyo, maji hutoka yakiwa mvuke. Udongo unapokauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huvifanya vitundu vifunge. Maji yanaokolewa, ila na hewa ukaa haiingii tena, kwa hiyo chakula kinapungua.

Hata hivyo, ukuaji husimama mapema kuliko hapo. Seli changa hurefuka kwa kujaa maji hadi kuta zake zitanuke. Msukumo huo ukipungua kidogo tu, chipukizi halisogei, hata kama majani bado yanatengeneza sukari. Ndiyo maana mvua ikikatika wiki chache, nyasi za mbugani hubaki fupi kabla hujaona dalili yoyote ya kunyauka. Ukame ukiendelea, nyasi za kudumu hufa juu tu. Mashina yaliyo usawa wa ardhi na mizizi hubaki hai, yakisubiri mvua.

Mti hauwezi kujificha ardhini, na hatari yake ni kubwa zaidi. Maji hupanda mtini kwa kuvutwa na majani kutoka juu. Udongo ukikauka sana mvuto huo unazidi, mpaka mapovu ya hewa yanaingia kwenye mishipa na maji yanakatika, kama mrija wa soda uliotoboka. Tawi lililokatikiwa maji hivyo hukauka. Mti uliopukutisha majani umeondoa mvuto wenyewe.

Na yale maji ya shinani? Watafiti walioichunguza mibuyu ya Madagaska waligundua kwamba mti hauyatumii sana kuvumilia kiangazi. Mbao ya mbuyu ni laini, na maji hayo husaidia kulisimamisha shina. Yakinyonywa ovyo, mti unadhoofika. Sehemu inayotumika huchipulia majani mapya kabla mvua hazijanyesha, ili ikinyesha tu kazi ianze. Mimi naona huo ni ubahili wa hali ya juu.

Tembo hawaujali ubahili huo. Kiangazi kikali kikifika, huko Ruaha na Tarangire huchubua magome na kutafuna mbao yenye unyevu. Mbuyu una uwezo wa kuotesha gome upya, jambo ambalo miti mingi haiwezi, lakini uliochimbwa hadi kiini mara nyingi huanguka.

Si kila mti hufuata kalenda hii. Kuna jamii ya mgunga, Faidherbia albida, ambao huvaa majani kiangazi na kuyavua masika! Mizizi yake hufuata maji ya chini kabisa, hivyo ukame wa juu ya ardhi hausumbui sana mti uliokomaa.

Wanaoumia zaidi ni miche. Mche wa mbuyu hujitengenezea mzizi mnene wa akiba, lakini bado haujafika kwenye udongo wenye unyevu wa kudumu, na unahitaji misimu kadhaa mizuri mfululizo. Katika maeneo mengi utahesabu mibuyu minene mingi na michanga michache mno: mbegu huota mwaka wa mvua nzuri, kisha kiangazi kirefu kimoja, au kundi la mbuzi, huimaliza miche yote.